Anza na mwenye daftari: kuingiza DevOps kwenye taasisi kubwa

Kwa miaka 11 mimi ndiye niliyekuwa na daftari. Jalada jeusi, kona zimechakaa, makao yake droo ya pili chini ya funguo za chumba cha seva. Ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho mfumo wetu wa malipo ulihitaji ili uamke salama baada ya kupandisha toleo jipya: hatua 47, nyingine zimekatwa na kuandikwa upya kwa kalamu ya rangi tofauti, nyingine zina mshale unaokwenda pembeni ambako nimeandika "usisahau!!" bila kusema nisisahau nini. Menejimenti ilipotangaza kwamba sasa tunaingia DevOps, yaani wanaoandika programu na wanaoendesha mitambo wafanye kazi kwa pamoja, wa kwanza kukunja uso nilikuwa mimi. Kwa hiyo mwongozo huu unaandikwa na aliyekuwa kikwazo. Mingi niliyoisoma wakati ule iliandikwa na watu waliotumwa kutuondoa njiani.

Kama unatoka upande wa usanidi wa programu, au ni meneja uliyepewa jukumu hili kwenye taasisi yenye idara nyingi na mifumo ya umri tofauti, soma ukiwa unamfikiria mtu mmoja pale kwenu mwenye daftari kama langu. Huenda lake liko kichwani tu.

Kabla ya kununua chochote

Juni 2009, John Allspaw na Paul Hammond wa Flickr, tovuti ya kuhifadhi picha, walisimama kwenye mkutano wa Velocity wakaeleza jinsi timu zao zinavyopandisha matoleo zaidi ya 10 kwa siku. Oktoba mwaka huohuo Patrick Debois akaandaa DevOpsDays mjini Ghent, Ubelgiji. Watu wakaendelea kuzungumza mtandaoni, jina likakatwa mkia, ikabaki DevOps. Kilichokuwa kinazungumzwa ni ugomvi wa zamani: msanidi analipwa ili abadilishe vitu, mtu wa mitambo analipwa ili visianguke. Kila mmoja akifanya kazi yake kwa bidii, lazima wakwaruzane. Kwetu wasanidi walikuwa ghorofa ya juu, sisi ya chini, na tuliongea kwa tiketi. Wao waliandika "kwetu inafanya kazi". Sisi tulijibu "leteni maelezo zaidi", tukaenda kunywa chai.

Baadhi ya zana zina umri mkubwa kuliko jina lenyewe. CFEngine, ya kupanga mipangilio ya seva, ilianza 1993. Puppet, ya kazi hiyohiyo, na Git, inayotunza historia ya msimbo, zote 2005. Ansible, nayo ya mipangilio ya seva, ikaja 2012, na Terraform, ya kuunda mashine na mitandao, 2014. Nataja miaka hii kwa sababu mwezi wa kwanza mtu wa mauzo atakuja na slaidi akiwaambia mmechelewa na dawa ni leseni yake. Mwambieni arudi baada ya miezi sita. Kufikia hapo mtakuwa mnajua mnachotaka kununua, kama kipo.

Kosa la pili la mwezi wa kwanza ni kuunda "Timu ya DevOps". Tuliiunda. Watu sita, chumba chao, nembo yao mlangoni. Baada ya wiki nane wasanidi walikuwa wanawaandikia wao tiketi, nao wanatuandikia sisi. Tulikuwa na ukuta mmoja, sasa tukawa na miwili. Mkitaka kuwa na watu wa kujenga vifaa vya pamoja ni sawa, ila wahesabiwe kwa idadi ya timu zinazotumia vifaa hivyo kwa hiari, na kila mmoja wao akae angalau miezi kadhaa ndani ya timu yenye mfumo wake.

Chagua kazi moja inayochosha

Wakubwa watataka mwanzo uwe kwenye mfumo mkubwa zaidi, kwa kuwa ndio unaoonekana. Kataeni kwa adabu. Kazi ya kwanza inatakiwa kuwa inafanyika mara kwa mara, inachukiwa na pande zote mbili, na ikiharibika kwa nusu saa hakuna mkurugenzi anayeamshwa. Sisi tulianza na mfumo wa ndani wa maombi ya likizo. Ulikuwa unapandishwa kila wiki mbili, kwa mkono, na kila mara kuna kitu kinasahaulika. Ilituchukua wiki sita hadi ukapanda wenyewe baada ya majaribio kupita. Wiki nne kati ya hizo zilikwenda kwenye kuomba ruhusa za faiawoli, ule ukuta wa usalama wa mtandao.

Kabla ya kuanza, pimeni. Vipimo vinne vilivyoenezwa na DORA, utafiti kuhusu utendaji wa timu za programu, vinatosha: mnapandisha mara ngapi, msimbo unachukua muda gani tangu kuandikwa hadi kumfikia mtumiaji, ni sehemu gani ya mabadiliko inayoleta hitilafu, na huduma inarudi baada ya muda gani ikianguka. Viandikeni hata kwa kukadiria. Msivitumie kushindanisha timu, maana watu wakishindanishwa kwa namba watatengeneza namba.

Kaa pembeni yake, usimhoji

Mradi ulipofika kwenye mfumo wa malipo, nilitumiwa fomu nijaze "taratibu zote za upandishaji". Niliijaza. Ilikuwa kurasa mbili na haikuwa na faida yoyote, na sikuwa nimeficha kitu. Vile nilivyovijua zaidi ndivyo sikukumbuka kuviandika.

Mfano ni hatua ya 23. Kwenye daftari ilisomeka: "Zima kupokea maombi, subiri foleni iishe, endelea." Kijana wa usanidi aliyepangwa nami aliiandikia skripti safi kabisa, yaani amri za kompyuta kuifanya yenyewe: soma idadi ya jumbe kwenye foleni kila baada ya sekunde 5, ikifika sifuri endelea. Jumamosi saa nne usiku tukaiendesha, mimi pembeni na daftari langu, nikiwa na hamu kidogo ya kumwona anashindwa. Skripti ikakaa. Dakika 10. Dakika 20.

"Dada, foleni imegoma kwenye tatu."

"Hizo tatu ziache. Hizo hazitokagi."

"Tangu lini?"

Nilinyamaza. Tulipochimba tukakuta ni jumbe za majaribio za miaka sita nyuma, zilizoelekezwa kwa huduma iliyokwisha kuzimwa. Miaka sita jicho langu lilisoma tatu, akili ikaelewa sifuri. Kuzifuta kulichukua dakika 20, nyingi zikiwa za kutafuta mtu wa kuidhinisha.

Baada ya usiku ule tulibadilisha utaratibu, na huu ndio ninaoupendekeza. Mwenye daftari anafanya kazi kama kawaida yake. Mtu wa pili anaandika tu, haruhusiwi kusaidia wala kushauri. Anaandika kile mwenzake anachokitazama, maana anachobofya kitaonekana tu baadaye kwenye logi. Na kila hatua anauliza swali moja: umejuaje kwamba imekwisha? Kila palipoandikwa "subiri kidogo" pana sharti ambalo halijawahi kuandikwa. Kila "kwa kawaida" ina hadithi. Rudieni mara tatu, kwa matoleo matatu tofauti, kwa sababu mara ya kwanza mtu anajionyesha.

Kati ya hatua zangu 47, tisa hazikuwa na kazi tena. Nilizirithi kutoka kwa aliyenitangulia, naye nadhani alizirithi. Zifuteni kabla ya kuandika msimbo, la sivyo mtakuwa na mashine inayofanya upuuzi kwa kasi.

Sasa la moyoni, ambalo hakuna aliyeniuliza na lilikuwa ndilo kubwa: nikiwapa yote haya, mimi nitabaki na nini? Usimwambie mtu "usiwe na wasiwasi". Meneja wangu, kwa bahati, alikuja na karatasi. Iliandika kazi yangu itakuwa ipi baada ya mwaka mmoja, na kwamba kwenye hazina ya msimbo, mahali pa pamoja unapotunzwa na historia yake, folda ya malipo itakuwa na jina langu kama mmiliki: hakuna badiliko litakaloingia bila idhini yangu. Nililegea siku ileile. Miezi mitatu baadaye nilimwongeza mmiliki wa pili mwenyewe, nikaenda likizo bila kompyuta kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Andika hali unayoitaka

Skripti zetu za mwanzo zilikuwa daftari lilelile kwa herufi za kompyuta: fanya hili, kisha lile. Zikikatika hatua ya 14 na ukaziendesha tena tangu mwanzo, zinaongeza mstari uleule mara ya pili kwenye faili la mipangilio, au zinajaribu kuunda mtumiaji ambaye tayari yupo na kufa hapo. Zana kama Ansible na Puppet zimejengwa kwa namna nyingine. Unaeleza hali: faili hili liwe na mstari huu, huduma hii iwe inaendeshwa, mtumiaji huyu awepo. Zana inatazama kwanza, ikikuta pako sawa haigusi. Kipimo chetu ni rahisi na hakina huruma: iendeshe mara mbili mfululizo. Mara ya pili ikisema imebadilisha chochote, bado hujamaliza.

Kabla hujaandika hali hiyo, tafuta hali iliyopo. Nilisimama kwenye mkutano nikaapa kwamba seva zetu 12 za malipo zinafanana kama mapacha. Tukaendesha Ansible kwa `--check`, ambayo inaonyesha kingebadilika nini bila kubadilisha kitu. Seva tano zilitofautiana. Moja saa yake haikuwa inasawazishwa. Mbili zilikuwa na maktaba ya zamani ya vyeti vya usalama. Nyingine moja ilikosa mtumiaji wa kuchukulia nakala. Na ya tano ilikuwa na faili nililolirekebisha kwa mkono wangu usiku mmoja, miaka miwili nyuma, nikajiahidi kesho nitazifanyia zote.

Kesho ile ingeweza kuwa kama ya Knight Capital. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni hiyo ya Marekani ya kuuza na kununua hisa ilikuwa imeweka msimbo mpya kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ikasahaulika, na ndani yake mlikuwa na msimbo wa kale ambao ulizinduliwa na alama iliyotumiwa upya na toleo jipya. Seva hiyo ikamwaga maagizo sokoni kwa takriban dakika 45, hasara ikazidi dola milioni 440. Ile kazi ya kunakili ilifanywa na fundi, kwa mkono, na hapakuwa na mtu wa pili wa kuikagua.

Kwa mashine na mitandao ya kukodi kwenye wingu tulitumia Terraform. Mazoea matatu yalituokoa. La kwanza, hakuna anayetekeleza mpango, yaani orodha ya mabadiliko ambayo Terraform inataka kufanya, kabla mtu mwingine hajausoma, na anayesoma aanzie chini, kwenye idadi ya vitakavyofutwa. Ukikuta hata kimoja ambacho hukukitarajia, simama. La pili, faili la hali, ambamo Terraform inaandika vitu inavyosimamia, linakaa mahali pa pamoja penye kufuli, ili wawili wasiandike kwa wakati mmoja, na linalindwa kama kabati la siri kwa sababu linaweza kuwa na nywila zilizo wazi. La tatu, hakuna anayeendesha kutoka kwenye kompyuta yake ya mapajani. Hapo ndipo tulipogombana zaidi, maana kila mtu mzoefu anajiona ni yeye tu anayestahili kuruhusiwa. Nami nilijiona hivyo.

Nywila nazo: ikishaingia kwenye Git na kusukumwa, kuifuta kwenye faili hakusaidii. Historia inaitunza. Ibadilishe siku hiyohiyo, kisha ndiyo ufikirie pa kuzihifadhi.

Mkaguzi ni mwenzako

Kwenye taasisi kubwa mradi huu haufi kwa sababu za kiufundi. Unafia kwenye kamati ya mabadiliko. Yetu ilikaa kila Alhamisi, fomu iwe imefika Jumatatu, na nusu ya wajumbe hawakuwahi kuuona mfumo wanaouidhinisha. Wenzangu wa usanidi walitaka kuipita kimyakimya. Nikawakatalia, maana nilijua mkaguzi akija mwisho wa mwaka na kukuta mabadiliko 200 bila fomu, tutarudishwa kwenye fomu wote, pamoja na mfumo wa likizo.

Nilikwenda kwa mkaguzi wa ndani kabla hajaja kwangu. Nikamuuliza anachotafuta hasa kwenye zile fomu. Vilikuwa vitu vitano: nani aliomba, nini kilibadilika, nani aliidhinisha, lini, na uthibitisho kwamba aliyeandika siye aliyeidhinisha. Nikamfungulia hazina ya msimbo, nikamwonyesha badiliko moja: mistari miwili myekundu, mitatu ya kijani, jina la mwandishi, jina la mkaguzi wa msimbo, saa na dakika, na matokeo ya majaribio chini yake. Alitazama kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo hakuna msanidi aliyewahi kuniuliza: "Na nani anaweza kuifuta historia hii?"

Jibu siku ile lilikuwa watu wanne. Tukalifanyia kazi: tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo, likafungwa, hakuna kusukuma kwa nguvu kunakoweza kufuta historia, idhini ya mtu wa pili ikawa lazima hata kwa wasimamizi, na kumbukumbu za upandishaji zikawa zinapelekwa kwenye mfumo wa idara nyingine ambako sisi tunaweza kusoma tu. Baada ya hapo mkaguzi mwenyewe ndiye aliyeiandikia kamati kwamba mabadiliko madogo yanayopita njia hii yasisubiri Alhamisi. Kamati bado ipo. Inajadili mambo makubwa, yale yanayogusa mifumo mingi kwa pamoja, na vikao vimekuwa vifupi.

Simu ya usiku

Utamaduni unaosemwa sana kwenye slaidi niliuona siku msanidi alipoingia kwenye zamu ya simu ya usiku. Tulianza polepole: wiki mbili akiwa kivuli changu, kisha anapokea yeye nami nikiwa nyuma yake. Wiki ya tatu aliamshwa mara mbili, saa nane na saa kumi usiku, na tahadhari ileile ambayo sisi tulikuwa tunaizima miaka yote kwa kuanzisha huduma upya. Jumatatu aliirekebisha kwenye msimbo. Kulikuwa na tiketi yangu kuhusu jambo hilohilo, imefunguliwa miezi 14. Sikumwonyesha. Baadaye nilimwonyesha.

Na mtaharibu. Skripti yetu ya kubadilisha vyeti ilianzisha upya seva zote 12 kwa wakati mmoja, saa nne asubuhi, malipo yakasimama kwa dakika 11. Kwa mkono nisingeweza kufanya kosa la ukubwa huo hata kama ningetaka. Kikao cha kwanza kilianza na "nani aliiendesha?" na chumba kikawa kimya kama msibani. Meneja akafuta ubaoni, akaandika: alipobonyeza, alikuwa anaona nini kilichomfanya aamini ni salama? Jibu likatoka haraka: mazingira ya majaribio yana seva moja tu, kwa hiyo "zote kwa pamoja" na "moja moja" huko ni kitu kimoja. Tukaongeza seva ya pili kwenye majaribio, na tangu hapo zana inagusa seva moja, inaipima, ndipo inakwenda kwa inayofuata. Kuandika kwenye ripoti kwamba mhusika "awe makini zaidi" kumepigwa marufuku.

Ukitaka mfano wa kuwapelekea wakubwa wanaoogopa uwazi, wapelekee wa GitLab, kampuni ya huduma ya kutunza msimbo. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao, akihangaika na hifadhidata usiku, alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Alipositisha, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Nakala za akiba za kila siku hazikuwepo: zilikuwa zinashindwa kimyakimya kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla. Wakaandika yote hadharani, na kazi ya kurejesha wakaionyesha moja kwa moja kwenye YouTube. Sisi baada ya kuisoma tulijaribu kurejesha nakala zetu. Ya kwanza ilikubali. Ya pili ilidai nywila ya mtu aliyekwisha staafu. Sasa kurejesha kunafanywa na mashine kila Jumapili kwenye hifadhidata tupu, na ikishindwa simu inalia kama huduma imeanguka.

Vya kuacha

Mkishaonja, mtataka kila kitu kijiendeshe. Kazi inayofanyika mara moja kwa mwaka iacheni kwenye karatasi, ila karatasi hiyo iwekwe kwenye hazina pamoja na msimbo na mtu aipitie kabla ya siku yake. Mfumo unaozimwa ndani ya mwaka mmoja msiuandikie kitu. Na utaratibu wenye ubishi, ambapo idara mbili hazijakubaliana nani anaamua, hauhitaji skripti. Wakutanisheni kwanza.

Daftari bado liko droo ya pili. Kurasa mbili tu ndizo zinazofanya kazi. Moja ni ya kubadilisha kanda za nakala kwenye mashine ya zamani, kila Ijumaa, ambapo lazima mtu aingie chumbani na kuzitoa kwa mkono, na ya tatu kutoka kushoto inataka kusukumwa kidogo ndipo ishike. Nyingine ni namba ya simu ya mlinzi wa jengo, kwa sababu mlango wa chumba cha seva umeme ukikatika haufunguki kwa kadi.